Kupandisha kasi ya prosesa katika joto la Tanga bila kuiua mapema

Mwezi Februari dada mmoja anayepiga video za harusi huku Ngamiani aliniletea kompyuta yake ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 2600. "Fundi, kuna kijana nimemwona mtandaoni kaifikisha 4.0 GHz. Na yangu ifike." Nikaomba nimwone huyo kijana. Alikuwa amevaa sweta.

Hilo sweta ndilo lililotugharimu siku nne. Anayevaa sweta ndani ana chumba cha nyuzi 20 hivi. Chumba cha dada yetu saa nane mchana kilikuwa nyuzi 32, na hitisinki ya feni (chuma chenye mapezi kinachoipoza prosesa) haiwezi kupoza chini ya hewa inayovuta. Kwa hiyo kila nyuzi inayozidi chumbani inazidi pia kwenye prosesa, karibu moja kwa moja. Kijana akisoma 72, wewe wa Tanga soma 84.

Watu huogopa GHz, yaani kasi. Mimi naogopa volteji na joto. Mwaka 1969 mhandisi James Black alitoa mlinganyo unaoonyesha jinsi maisha ya nyaya nyembamba za ndani ya chipu yanavyofupika mkondo na joto vikipanda: umeme unasukuma atomi za chuma polepole hadi njia inakatika. Na nguvu inayoliwa hupanda kwa volteji mara volteji, kwa hiyo ongezeko dogo la volteji si dogo kwenye joto. Kasi inayopatikana kwa volteji ndogo haina ubaya.

1. Hakikisha inaruhusu. Ryzen nyingi za soketi ya AM4 zimefunguliwa, yaani kasi yake inabadilishika, ila mazabodi ya aina ya A320 haikubali. B350, B450 na X470 zinakubali. Kwa Intel tafuta herufi K mwishoni mwa jina la prosesa, pamoja na mazabodi ya Z. Laptopu iache ilivyo.

2. Hamisha kazi zako. Kompyuta itazima ghafla tena na tena. Harusi ya mtu hairudiwi.

3. Upoozaji na umeme. Feni inayokuja na 2600 kwenye boksi inatosha kwa kasi ya kiwandani tu. Weka ya mnara yenye mabomba ya shaba. Unapong'oa ya zamani, iendeshe kompyuta dakika kumi kwanza ili pesti (ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) ilainike, zima, chomoa waya, kisha izungushe hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Ukivuta ikiwa baridi, prosesa ya AM4 inaweza kutoka nayo kwenye soketi ingawa kufuli limefungwa, na miguu yake ikapinda. Miguu hiyo nimeshainyoosha kwa wembe na sitamani tena.

Pesti, tone la ukubwa wa punje ya choroko. Safisha vumbi, letu la pwani lina chumvi na unyevu, linaganda kwenye mapezi kama ukoko. Pawa saplai ya bei ya kutupa iliyokuja na keisi, itoe. Na umeme wa mtaa ukiwa unayumba, weka UPS, la sivyo hutajua kama kompyuta imezimwa na mpangilio wako au na nyaya za nje.

4. Kizidishi. Ingia BIOS, mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows. RAM iache kwenye kasi ya kawaida kwanza, usiwashe XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi zaidi), maana ikileta matatizo utaisingizia prosesa. Kasi ya msingi ibaki 100 MHz. Kizidishi, namba inayozidishwa na kasi hiyo ya msingi, weka 38, yaani 3.8 GHz kwa viini vyote. Programu za kubadilishia kasi ndani ya Windows mimi sizitumii kabisa, nataka mpangilio ukae kwenye mazabodi.

5. Volteji. Hapa kaa kitako.

Usiiache kwenye "Auto". Mazabodi nyingi, zikiona umepandisha kizidishi, zinajimwagia volteji kuliko inayohitajika. Andika mwenyewe 1.25 V, jaribu, ikiganda ongeza kidogo kidogo. Kwa kizazi hiki sivuki 1.35 V kwa kompyuta inayofanya kazi kutwa. Utaniuliza mbona kabla hujagusa chochote uliona 1.4 ikipita? Hiyo ni pale kiini kimoja au viwili vinapokimbia na mzigo mwepesi, mkondo ni mdogo. Viini sita vikibeba mzigo kwa volteji hiyohiyo ni habari nyingine.

Sasa yaliyonikuta. Niliweka 4.0 GHz na 1.30 V. Video ikaenda dakika 40, skrini ya bluu. Nikapandisha 1.325, bluu. 1.35, ikaganda. Saa sita usiku niko 1.3875, nimeshavuka mpaka wangu mwenyewe na bado inaanguka. Nikaanza kuilaumu RAM, nikabadilisha, bluu.

Ndipo nikafungua HWiNFO (programu inayoonyesha joto na volteji) na kusoma mstari sahihi, CPU Core Voltage (SVI2 TFN). Mstari wa VID unaonyesha kinachoombwa, huo mwingine unaonyesha kinachofika. Kwenye BIOS nilirudisha 1.35, mzigo ukiingia kilichofika kilikuwa 1.26. Volteji kuzama kidogo wakati wa mzigo ni kawaida, imetengenezwa hivyo makusudi. Kinachoamua izame kiasi gani ni mpangilio unaoitwa Load-Line Calibration, na mimi nilikuwa nimeuweka ngazi ya 5 nikidhani ndiyo kali kuliko zote, yaani inayozuia kuzama zaidi. Kwenye mazabodi ile ngazi ya 1 ndiyo kali, ya 5 ndiyo legevu! Kampuni nyingine wanahesabu kinyume. Kwa hiyo usisome namba. Angalia kamchoro kalicho pembeni ya mpangilio kama kapo, au pima kwa HWiNFO ngazi moja baada ya nyingine.

Nikafanya kosa la pili: nikaruka hadi ile kali kabisa. Volteji ikanyooka kama rula, nikajiona bingwa. Shida ni pale mzigo unapoondoka ghafla. Mnavuta dau watu wawili, kamba ikikatika nyote mnakwenda chali. Volteji nayo hurukia juu kwa muda mfupi mno kabla haijatulia. HWiNFO inasoma kila baada ya sekunde mbili, haiwezi kuuona mruko huo, lakini prosesa inaupata kila mara kazi inapoanza na kuisha. Chukua ngazi ya kati, uikubali volteji izame kidogo, na hesabu yako yote ifanye kwa volteji iliyofika wakati wa mzigo.

Kwa ngazi ya kati, 3.95 GHz ilitulia kwa 1.2875 V. 4.0 ilidai 1.3625. Piga hesabu ya volteji mara volteji, kisha zidisha na kasi: zile MHz 50 za mwisho zinakula nguvu zaidi kwa karibu asilimia 13.

6. Majaribio. Cinebench, programu ya kuipima prosesa, dakika kumi kwa kuanzia. Prime95, programu nyingine ya majaribio, ikiwa na AVX (hesabu nzito sana) mimi siipendi kwa kompyuta ya kazi, inaitesa prosesa kuliko kazi yoyote ya studio. Jaribio la kweli ni kazi yako: toa video ya saa nzima, saa nane mchana, madirisha kama yalivyo siku zote. Wanaopima usiku baada ya mvua wanajidanganya. Kikomo cha 2600 ni nyuzi 95. Mimi nataka isivuke 80 kwenye kazi, na ikigusa 85 nashusha kizidishi, sibishani nayo.

Ikipita, washa XMP, rudia jaribio. Kisha fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger, yaani makosa ya vifaa. Ukiona makosa yake, prosesa inajisahihisha kimyakimya hata kama haijaanguka. Punguza kizidishi kwa 0.25.

7. Isipowaka. Zima, chomoa waya, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano, rudisha. Mipangilio inarudi ya kiwandani.

Video iliyokuwa ikichukua dakika 52 sasa inatoka kwa 49, joto nyuzi 77. Dada akaangalia skrini, ameona 3.95.

"Kaka, na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Si tulisema nne?"

Nikamwonyesha hesabu ya asilimia 13. Akaitikia kwa kichwa, akalipa, akabeba kompyuta yake kwenye bajaji. Jumamosi amenitumia ujumbe wa sauti: harusi ya Raskazone imetoka mapema, na ile 0.05 yake nitampa lini.