Kutunza Uzito na Utulivu Hedhi Inapokaribia Kukoma

Mwanamke wa miaka 45 hadi 55 anayeona sketi yake ikimbana kiunoni ilhali chakula hakijaongezeka asijilaumu. Homoni ya kike ya estrojeni inapopungua, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huelekea tumboni, nayo misuli hupungua kwa umri; msongo wa mawazo ukidumu, homoni ya kotisoli huchochea hamu ya vitu vitamu na kuvuruga usingizi.

Anza na usingizi, kwani asiyelala vizuri huamka na njaa kubwa na subira ndogo. Joto la usiku la Mombasa humzidishia adha mwenye vipindi vya kuwaka mwili, kwa hiyo jifunike leso nyepesi ya pamba, elekeza feni kitandani, na kahawa chungu uiache baada ya adhuhuri.

Kwenye kiamsha kinywa, punguza mahamri na uongeze mbaazi, ambazo zina protini na nyuzinyuzi za kushibisha. Sukari ya chai ipunguze kidogo kidogo hadi ulimi uzoee.

Tembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. Ufuo wa Mama Ngina asubuhi, pamoja na shoga wa kumfungulia moyo, unafaa sana. Mara mbili kwa wiki zoeza misuli kwa kuketi na kuinuka kitini bila kujishika.

Pima presha, sukari na tezi ya shingo. Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, muone daktari upesi.