Kukunja mdomo wa paipu ya breki mara mbili usivuje

Mdomo wa paipu ya breki, yaani ncha iliyopanuliwa ili ibanwe na nati, ukivuja, mara nyingi uliharibika kabla koni ya kifaa cha kukunjia haijagusa chuma. Kuzungusha skrubu ni kazi ya dakika mbili. Kukata, kusafisha ncha na kubana ndiko kunakotaka utulivu, na ndiko mwongozo huu unakokaa zaidi.

Kagua tundu kwanza

Chungulia ndani ya tundu ambamo nati inaingia, iwe kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) au kwenye kiungo. Ukiona koni ndogo imechomoza katikati, hapo panataka mdomo wa mikunjo miwili wa digrii 45. Ukiona kitako kimeingia ndani kwa mteremko, hapo panataka mdomo wa kiputo, uliovimba tu bila ukingo kulazwa ndani. Midomo hii miwili haibadilishani, hata pale nati zote mbili ni M10 (nyuzi za kipenyo cha mm 10) na nyuzi zake zinaingia vizuri. Kukaza kwa nguvu hakutaokoa kitu.

Vifaa vya digrii 37, vinavyotumika kwenye mitambo ya haidroliki, viache kabisa. Vile vya mafundi friji navyo vingi hupanua mara moja tu. Paipu ya chuma ya breki ina ukuta wa takriban mm 0.7, ukiipanua mara moja, ukingo wake ni rahisi kupasuka. Mkunjo wa pili unaongeza unene pale ambapo koni ya tundu inakandamiza.

Paipu na vifaa

Magari mengi madogo hutumia paipu ya inchi 3/16, yaani mm 4.75. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua ya mchanganyiko wa shaba na nikeli: haili kutu, inapinda kwa mkono, na inakubali kukunjwa bila ugomvi. Shaba tupu usiiweke kwenye breki, kwa sababu mtikisiko huifanya iwe ngumu na hatimaye ipasuke. Chuma cha pua kiachie mwenye kifaa cha haidroliki. Kifaa cha skrubu kitakupa nyufa tu.

Utahitaji kikata paipu kidogo, tupa laini, kisu cha kutolea makali, kifaa cha kukunjia (kibanio chenye matundu, nira yenye skrubu na koni, pamoja na adapta, kipande kidogo chenye bega na mchomo unaoingia ndani ya paipu), na spana maalumu ya nati za paipu, ile iliyozunguka nati karibu yote na kuacha uwazi mdogo. Spana ya kawaida iliyo wazi huimega nati pembe.

Kukata na kuandaa ncha

Kikata paipu kikazwe kidogo kidogo: mzunguko mmoja, kisha kaza kiasi kisichofika robo, kisha mzunguko mwingine. Ukikaza kwa pupa, gurudumu la kikata linasukuma chuma kwenda ndani na kubana tundu. Msumeno unafaa kama huna la kufanya, ila utapiga tupa zaidi.

Sasa piga tupa ncha mpaka uso wake ukae pembe mraba kabisa na urefu wa paipu. Kikata huacha ukingo ulioinama kidogo, na mwinamo huo ndio unaozaa mdomo wenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Shika paipu ikielekea chini ili unga wa chuma usiingie ndani.

Toa makali ya ndani kwa kisu, lakini usichimbe. Unataka kuondoa ukucha uliosukumwa ndani tu. Ukuta ukikonda hapo, mkunjo wa pili utapasukia hapohapo. Kwa nje, chonga mteremko mwembamba kuzunguka ukingo. Mafundi wengi huruka hilo la nje, halafu hulaumu kifaa.

Kama paipu imepakwa plastiki kwa nje, ikwangue yote kwenye sehemu itakayobanwa, karibu mm 20. Plastiki huteleza chini ya kibanio hata ukaze vipi: paipu inarudi nyuma wakati adapta inasukuma, na mdomo unatoka mfupi. Kwangua plastiki tu. Usifike kukonda chuma. Paipu ya zamani iliyoliwa kutu usiikunje kabisa. Rudi nyuma mpaka chuma kizima, au badilisha kipande chote.

Pulizia upepo, kisha ingiza nati, uso wake ukielekea ncha.

Kubana

Chagua tundu la mm 4.75 au 3/16. Lile la mm 5 linakaribiana kwa macho, lakini halishiki. Upande wa kibanio wenye mteremko wa digrii 45 uwe juu, kule mdomo utakakotokea.

Ncha ichomoze juu ya kibanio sawasawa na unene wa bega la adapta. Simamisha adapta kando ya paipu, bega likiwa limelala juu ya kibanio, na ulinganishe kwa kucha. Ikizidi, mdomo unakuwa mkubwa na kujikunja ovyo. Ikipungua, mkunjo wa pili haukamiliki. Kaza nati ya kibanio iliyo karibu na paipu kwanza, kisha ya mbali, halafu pima tena, maana paipu hupenda kusogea wakati wa kukaza.

Mkunjo wa kwanza na wa pili

Paka tone la mafuta ya breki kwenye adapta na koni. Usitumie oili ya injini: ikibaki ndani huvimbisha mipira ya breki. (Mafuta ya breki nayo hula rangi ya gari, basi futa unapodondosha.)

Ingiza mchomo wa adapta kwenye paipu na ukaze skrubu mpaka bega liguse kibanio. Toa adapta utazame: ncha iwe imevimba kama uyoga, sawa pande zote. Ikiwa imeegemea upande, kata uanze upya, koni haitairekebisha.

Kisha koni peke yake, bila adapta. Kaza mpaka ukingo ulale ndani na ukinzani uongezeke ghafla, hapo simama. Kuongeza nguvu hukondesha uso wa mdomo na kuufungua nyufa. Kwa paipu ya 3/16, mdomo uliokamilika una upana wa karibu mm 7.

Kufunga na kupima

Uso wa ndani uwe laini, bila ufa wala mkwaruzo, tumia tochi. Osha paipu, pulizia upepo, anza nati kwa vidole, kisha kaza. Nati ya M10 huwa karibu Nm 15, ila kipimo cha gari lako ndicho kinachotawala. Usifunge tepu kwenye nyuzi. Kinachozuia mafuta ni mdomo kubanwa kwenye koni ya tundu.

Toa upepo kwenye breki, futa kiungo kikauke, mtu akanyage pedeli kwa nguvu na kuishikilia dakika moja. Ukiona unyevu, legeza nati na ukaze tena mara mbili tatu ili mdomo ukae. Unyevu ukiendelea, kata ufanye mwingine. Kagua tena baada ya safari fupi ya kwanza.