Kikundi cha tahadhari cha wafanyabiashara wa mtaa: namna tulivyokianzisha, hatua kwa hatua

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, kijana nadhifu aliingia kibandani kwangu Tandika, Dar es Salaam, ninapofanya uwakala wa pesa za simu, kuweka shilingi 400,000. Nikahesabu, zikatimia. Akasema, "Samahani dada, hebu nizione tena, nahisi nimechanganya na za ofisi." Akazipekua, akanirudishia, akaanza kunisimulia foleni ya Mbagala huku ananitajia namba ya simu. Nikatuma. Jioni nafunga hesabu, nakuta pungufu ya 70,000.

Hela iliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Jirani yangu, duka la tatu kutoka kwangu, aliposikia akashika kichwa: huyohuyo alipita kwake robo saa kabla, kwa mchezo uleule. Na wakala wa karibu na kijiwe cha bodaboda alikuwa amemshtukia tangu mchana, akamfukuza, akaendelea na wateja wake. Habari ilikuwepo mtaani tangu saa 8. Mimi niliipata saa 2 usiku.

Sasa tuna kikundi. Nawaandikia tulivyokijenga, na tulipoteleza.

Hatua ya 1: Anzeni wachache, tena ana kwa ana

Tulianza watu saba: mawakala wanne, mama wa duka la dawa, kinyozi na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Huyo wa bodaboda msimwache. Yeye ndiye anayeona nani kapanda pikipiki gani na kaelekea wapi.

Kaeni kikao kimoja kabla ya kufungua kikundi cha WhatsApp. Kila mtu aseme jina, biashara, namba, na nani hubaki dukani akitoka. Anayeingizwa baadaye awe na mwanachama anayemdhamini. Tulipovuka watu arobaini tukaanza kukuta namba ambazo hakuna aliyezijua, ikabidi tuchuje upya. Mtu akipoteza simu au akihama, namba yake itolewe siku hiyohiyo, kwa sababu atakayeiokota atasoma kila mnachopanga.

Mjulisheni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi wa kata. Kuwaingiza kwenye kikundi au kutowaingiza mtaamua wenyewe. Sisi tulimweka mwenyekiti. Afande tuna namba yake na tunampigia.

Hatua ya 2: Kikundi kiwe na kazi moja

Salamu za asubuhi, mahubiri, matokeo ya Simba na Yanga na michango ya harusi vitafutiwe kikundi kingine. Si ukali. Simu ikilia mara hamsini kwa siku mtu anaizima sauti, na siku ya tukio lenyewe hataisikia.

Hatua ya 3: Fundishaneni kuandika ujumbe

Hapa ndipo penye kazi. Ujumbe wetu wa kwanza kabisa ulikuwa huu: "JAMANI MATAPELI WAMEINGIA KUWENI MAKINI!!!" Matapeli gani? Wako wapi? Niwe makini na nani? Wenzangu walifunga maduka kwa hofu, na hakuna aliyejua anachokikwepa.

Siku hizi tunaandika hivi:

"NJANO. Leo saa 9:40 alasiri, kwangu. Mwanamume, shati la bluu, begi jeusi la mgongoni. Kaleta laki 4 kuweka, nikahesabu, akaomba azishike tena. Sikutuma. Kaondoka kwa miguu kuelekea sokoni. Nimeona mwenyewe."

Saa, mahali, kilichofanyika, alikoelekea. Elezeni zaidi mbinu kuliko mtu. Shati hubadilishwa nyuma ya nyumba, ila mbinu atakuja nayo hata kesho. Kutokana na ujumbe kama huu tumejiwekea sheria moja: hela ikirudi mkononi mwa mteja, hata kwa sekunde, inahesabiwa upya kuanzia noti ya kwanza. Nyingine ilitokana na meseji feki za malipo: bidhaa haitoki mpaka uangalie salio lako mwenyewe, hata mteja akikuonyesha nini kwenye simu yake.

Maneno ya mwisho ya ujumbe ni ya lazima. Tuna matatu: "nimeona mwenyewe", "nimeambiwa", "nahisi". Asiyeandika mojawapo anaulizwa palepale. Utashangaa ni taarifa ngapi zinaanza kwa kishindo, na mwenyewe akibanwa anakiri kwamba kaambiwa na shemeji yake.

Hatua ya 4: Semeni habari inaishia wapi

Hilo neno NJANO tumeliazima. Wataalamu wa usalama wa mitandao hutumia utaratibu wa rangi za taa za barabarani uitwao TLP (Traffic Light Protocol), ambao FIRST, shirika la kimataifa la wanaoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao, liliuboresha mwaka 2022. Wao wana alama nne, sisi zinatutosha tatu. Nyekundu: inabaki kwa uliyemwambia tu. Njano: wanakikundi na wasaidizi wao wa dukani. Kijani: peleka hata kwa wenzetu wa mitaa ya jirani.

Angalizo, maana hata sisi tulichanganya: rangi haipimi ukubwa wa hatari, inasema habari ifike wapi. Noti bandia zikizagaa ni hatari, na bado ni kijani. Lakini siku na saa jirani yako anapopeleka mauzo benki ni nyekundu, na kwa kweli haifai kuandikwa popote.

Hatua ya 5: Picha na majina

Someni hapa taratibu. Mwezi wa tatu, mmoja wetu alirusha picha ya kijana aliyesimama muda mrefu nje ya duka la jumla, na maneno "mwizi huyu hapa". Ndani ya nusu saa picha ilikuwa kwenye vikundi tusivyovijua. Kijana alikuwa anamsubiri mjomba wake, fundi aliyekuwa anarekebisha friji ndani. Tulimkuta amezingirwa na watu kumi na kitu, mmoja ana tofali mkononi. Mama wa duka la dawa ndiye aliyejipenyeza katikati na kumshika mkono. Sote tunajua habari za "wananchi wenye hasira kali" huishaga vipi.

Tangu hapo, picha ya mtu hairushwi kikundini. Kama kamera imenasa tukio, video anapelekewa afande, na kikundini tunaandika maelezo tu. Neno "mwizi" halitumiki, tunaandika alichofanya. Sheria nayo ipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza habari anayojua ni ya uongo ili kumchafua mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kwa hiyo msirushe picha ya ukurasa wa daftari la miamala wala ya kitambulisho cha mteja. Namba za wateja waaminifu zimo humo humo.

Hatua ya 6: Kikundi si polisi

Kosa letu jingine: tulidhani tukishaambiana tumeshatoa taarifa. Dharura ni 112, moto ni 114. Namba inayotuma meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ipelekeni 15040. Anayepiga aandike kikundini "nimeshapiga", wengine wasirundikane kwenye laini.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika, bando likiisha

Mtu akivamiwa hafungui WhatsApp. Tulinunua filimbi. Moja ndefu: njooni mlangoni mwenu, mwonekane, msikimbilie ndani. Fupi tatu: moto. Kwa mambo ya moto kila mwanakikundi anajua swichi kuu ya jengo iko wapi, nani ana mtungi wa kuzimia na nani ana funguo za duka la pembeni. Baada ya soko la Kariakoo kuungua usiku wa Julai 10, 2021, hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Ukiacha filimbi, kila mtu ana wawili wa kuwapigia simu ya kawaida. Tunajaribu mara moja kwa mwezi, na kila mara kuna mmoja hana vocha.

Hatua ya 8: Fungeni taarifa, wekeni daftari

Tahadhari ikiisha, aliyeitoa aandike "IMEFUNGWA" na kilichotokea. Bila hivyo watu watamwogopa mwenye shati la bluu wiki nzima. Mimi nanakili kila tukio kwenye daftari la kawaida: tarehe, saa, mbinu, hasara.

Miezi mitatu ya daftari ilituonyesha kitu ambacho hakuna aliyekihisi. Karibu matukio yote yalitokea kati ya saa 11 na saa 1 jioni, duka likiwa na mtu mmoja, mwenzake kaenda kutafuta floti, yaani hela ya kuendeshea miamala. Sasa mawakala wanaopakana hawatoki kwa wakati mmoja. Anayetoka anagonga ukuta wa jirani, anasema, "Niangalizie."