Somo: Karatasi ya shabaha ya kurekebishia bunduki, ya kuchora mwenyewe

Habari zenu wanajamvi. Nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi, sasa nimetulia Mafinga, na bado vijana wa doria na wakulima wenye leseni huniletea bunduki tuzirekebishe, yaani risasi igonge pale unapolenga. Karibu wote huja na karatasi nyeupe yenye duara jeusi katikati. Duara hilo litakuonyesha kwamba umekosa. Halitakuambia usogeze kilengeo upande gani na kwa kiasi gani, kwa hiyo unakisia, na kila ukikisia risasi moja imekwenda. Anayenunua risasi za .375, zile za bunduki kubwa, anajua maumivu yake.

Karatasi ninayowafundisha leo ina miraba, na kila mraba una hesabu yake. Ukishapiga, unahesabu miraba na kugeuza skrubu ya kusogezea kilengeo, kukisia kumeisha.

Kwanza niseme la usalama, na ninalisema kwa uzito. Somo hili ni la mwenye leseni, na kupiga ni kwenye uwanja wa shabaha au mahali uliporuhusiwa, penye tuta nene la udongo nyuma ya karatasi. Usiibandike kwenye mkaratusi wala mbele ya mwamba. Na huku kwetu usielekeze mtutu kwenye msitu wa misonobari ukidhani hakuna mtu: Sao Hill ina wapasua mbao, wagema utomvu na akina mama wanaookota kuni. Risasi ya bunduki kubwa inakwenda kilomita kadhaa. Masikio yazibwe.

Vifaa

Karatasi za A4, rula ya sentimita 30 yenye ukingo usiobonyea, penseli iliyochongwa vizuri, maka peni nyeusi, boksi la katoni, na gundi. Gundi ya dukani si lazima. Uji mzito wa unga wa ngano unashika vizuri sana, ila upoe kwanza. Pata pia karatasi ya kaki. Ukikosa, chukua tabaka la ndani la mfuko wa saruji, lile safi, ulikung'ute nje ukiwa umeupa upepo mgongo, maana vumbi la saruji ni baya kwa macho.

Hatua ya kwanza: tafuta katikati

A4 ina milimita 210 kwa 297. Weka alama kwenye 105 kwa upana na 148.5 kwa urefu, juu na chini, kushoto na kulia, kisha unganisha. Hiyo ndiyo misalaba yako ya katikati. Anza hapa, usianzie pembeni mwa karatasi. Ukianzia pembeni, kosa la nusu milimita linaongezeka kila mstari, na ukifika katikati si katikati tena.

Hatua ya pili: miraba ya milimita 29

Kutoka mstari wa katikati, pima 29, 58 na 87 kila upande. Kwa kwenda juu na chini ongeza 116. Chora kwa penseli kwanza, pima tena, ndipo upitishe maka peni nyembamba. Mistari miwili ya katikati ipitishe mara mbili ionekane nene.

Kwa nini 29? Duara zima lina nyuzi 360, na kila uzi mmoja umegawanywa dakika 60. Hizi ni dakika za pembe, hazihusiani na saa ya mkononi. Dakika moja ya pembe, ukiifuata hadi mita 100, inatanuka kufikia milimita 29. Darubini nyingi za bunduki zina skrubu ambayo kila kliki moja, ule mlio mdogo unaousikia ukiigeuza, ni robo ya dakika. Kwa hiyo mita 100, mraba mmoja ni kliki 4.

Hapa ndipo ninapoipenda karatasi hii. Ukisogea hadi mita 50, mraba uleule unakuwa kliki 8. Mita 25, kliki 16. Karatasi moja inatosha umbali wote mitatu, huhitaji kuchora nyingine. Lakini umbali upimwe kwa tepu. Hatua za miguu za mtu mrefu na mtu mfupi hazilingani, na kwenye mteremko kila mtu anadanganywa.

Mfano: umepiga tatu mita 100, kundi la matundu limekaa miraba miwili chini na mmoja na nusu kulia. Geuza kliki 8 kuelekea juu na 6 kuelekea kushoto. Mshale ulioandikwa kwenye skrubu unaonyesha risasi itakakokwenda.

Hatua ya tatu: andika pande kwa maneno

Kwenye kingo nne andika JUU, CHINI, KULIA, KUSHOTO kwa herufi kubwa. Nimeona watu wakiiruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto. Mwaka mmoja tulikuwa tunarekebisha bunduki, mimi nipo kwenye darubini ya kuangalia matundu, mwenzangu analenga. Nikamwambia, “Zimekaa saa tatu.” Mimi nilikuwa nawaza uso wa saa ya ukutani, namba 3, yaani kulia. Yeye akawaza saa tatu yetu ya asubuhi, mshale mfupi ukiwa kwenye 9, yaani kushoto. Akageuza skrubu kuzidi kuzipeleka kulia. Risasi sita zilipotea kabla hatujagundua kwamba tunazungumza saa mbili tofauti. Tangu siku ile sitamki saa uwanjani. Ninasema, “Kulia, mraba mmoja na nusu,” na karatasi yenyewe imeandikwa hivyo.

Hatua ya nne: alama ya kulengea

Kwa darubini, jaza kimraba kidogo cha sentimita 2 hapo katikati, inatosha. Kwa bunduki isiyo na darubini unahitaji duara jeusi lenye upana wa sentimita 10 au 11 kwa mita 50, kwa sababu hapo duara linaonekana kama limelingana na upana wa kilengeo cha mbele, na jicho linapenda kulinganisha. Tafuta mfuniko wa kopo wenye ukubwa huo, zungushia penseli, paka masizi yaliyokorogwa kwenye uji mwepesi. Lenga duara likiwa limekalia ncha ya kilengeo. Usizamishe ncha ndani ya weusi, itapotea.

Hatua ya tano: bandika

Paka uji kwenye katoni, laza kaki, kisha A4 juu yake, futa hewa kwa kitambaa, weka kitu kizito ikauke usiku mzima. Karatasi tupu ikipigwa inachanika kama kitambaa. Iliyobandikwa inatoa tundu la mviringo lenye ukingo wa kijivu, nawe unajua risasi imepita wapi hasa. Fremu ni mianzi miwili na kamba. Kaki inayozunguka A4 iache wazi pande zote, itakuokoa siku bunduki imehama sana na risasi zinapita nje ya miraba.

Maswali ya wanajamvi

Shikamoo afande. Mimi nipo Njombe. Siwezi kuchora moja kisha nikatoa kopi steshenari?

Marahaba kijana. Unaweza, ila pima kopi. Niliwahi kutoa kopi hamsini, nikapiga nazo siku nzima, kliki hazikubali. Kuja kupima, miraba minne iliyopaswa kuwa milimita 116 ilikuwa 112. Mashine ilikuwa imepunguza ukurasa ili uenee. Mwambie mhudumu atoe kwa asilimia 100, na rula iwe mfukoni.

Kaka, nina karatasi za shabaha zilizotoka Marekani, miraba ya inchi moja. Mbarali hapa tunapiga mita 100. Zinafaa?

Zilichorwa kwa ajili ya yadi 100, yaani kama mita 91 na nusu. Inchi ni milimita 25.4, sisi tunahitaji 29. Ukihesabu miraba yao kwenye mita 100 utageuza kliki zaidi ya inavyotakiwa, kama moja katika kila nane. Sogeza karatasi hadi mita 91 na nusu, au chora yako.

Darubini yangu imeandikwa 0.1 mil, hapo 29 inafanyaje kazi?

Haifanyi. Hiyo kila kliki ni sentimita 1 kwa mita 100. Chora miraba ya sentimita 2, kila mmoja kliki 2. Kwako ni rahisi kuliko kwetu.

Bunduki yangu haina darubini wala kliki, kilengeo kinagongwa kwa nyundo. Nifanyeje?

Pima umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Tuseme ni milimita 500. Zidisha kosa kwa 500, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote viwe kwa milimita. Mraba mmoja kwa mita 50: 29 mara 500, gawanya kwa 50,000, ni milimita 0.29. Huo ni unene wa karatasi tatu za A4 zikipangwa. Kwa hiyo gonga kidogo sana, na piga mstari wa penseli kabla ya kugonga ili uone kimesogea. Cha nyuma kinasogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake.

Mufindi ukungu unalowesha karatasi kabla hata hatujaanza, mzee wangu.

Ukimaliza kuchora na wino kukauka, sugua mshumaa juu yake, kidogo tu. Usitangulize mshumaa, wino hautashika. Plastiki usiiweke, jua likitoka inamulika.

Makambako upepo haupoi. Kundi langu linatawanyika kushoto na kulia tu.

Hilo ni la upepo, usiliguse kwenye skrubu, utarekebisha upepo badala ya bunduki. Nenda alfajiri, angalia majani yametulia, ndipo upige.

Na shotgani ya marisau?

Miraba haikusaidii. Chukua kaki kubwa tupu, piga mita 37, kisha funga penseli kwenye kamba ya sentimita 38 uchore duara kuzunguka sehemu yenye matundu mengi. Angalia kama lipo pengo ambalo ndege anaweza kupita.

Afande, nipige ngapi kabla ya kugeuza skrubu?

Tatu, polepole, mtutu ukiwa umepoa, risasi za boksi moja. Hata ya kwanza ikienda pembeni usiguse kitu. Zikitimia tatu, tafuta katikati yao, hapo ndipo unapohesabia miraba. Ukibadilisha aina ya risasi, anza upya. Nyuma ya karatasi andika tarehe, umbali na aina ya risasi, uitunze. Mimi zangu ziko kwenye bahasha pamoja na leseni, na kila bunduki inapoletwa tena ninaitoa ya mwaka uliopita, ninailaza pembeni ya ile mpya tuone imehama miraba mingapi.