Kutengeneza waini Dodoma: namna ya kuingia kwenye hii kazi na ukae

Vijana wengi wananiuliza wakasome wapi ili wawe watengeneza waini, na mi huwa nawauliza kwanza msimu unaokuja umejipangaje, maana huku kwetu zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, kuna ya kuanzia mwezi wa pili wa tatu hivi na kuna ya wa nane wa tisa. Wenzetu Italia na Ufaransa wanavuna mara moja tu. Yani kijana wa Hombolo akikaa kiwandani miaka mitano kashapitia mavuno kumi, mwenzake wa kule kapitia matano. Huo mtaji hamna chuo kitakupa, kwa hiyo anza na msimu, cheti kifuate.

Na ukianza anzia shambani, usione aibu kwa sababu una diploma. Nenda Hombolo, Mpunguzi, Mbabala au Veyula, omba kibarua cha kupogoa. Ukishapogoa unahesabu kama miezi minne hivi mpaka kuvuna, na ndani ya hiyo miezi utajifunza ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe wa mzabibu) unavyoingia, nani anapiga dawa kwa wakati na nani anachelewa, shamba gani lina maji na lipi halina. Zabibu ikishaoza shambani, tankini huwezi kuitibu, utahangaika tu na madawa. Angalia pia tofauti ya misimu, ile ya masika inakuta mvua kwa hiyo tunda linanywa maji na kuoza ni rahisi, ya kiangazi sukari inapanda vizuri na ganda linakuwa safi.

Kupima sukari wengi wanakosea hapa. Wanachuma tunda moja zuri la juani wanaliminya kwenye rifraktomita, kile kifaa cha kupimia sukari, alafu wanatangaza shamba limeiva. Chukua punje kutoka vishada tofauti, vya juu na vya chini, vya juani na vya kivulini, kutoka mistari mbalimbali, ziminye zote pamoja ndo udondoshe tone. Ukipata Brix 22 (Brix ndo kipimo cha sukari) tegemea kilevi cha asilimia 12 mpaka 13 kama itachacha mpaka mwisho, yani hamira ikila sukari yote. Ila usiishie kwenye sukari, joto la Dodoma linakula asidi ya tunda, unaweza ukakuta sukari imefika lakini pH (kipimo cha asidi, ikipanda ujue asidi imepungua) imeshapita 3.6, na waini ya hivyo inapooza mdomoni na bakteria wanaipenda sana. Tafuna na kokwa, ikiwa ya kahawia na inavunjika kavu tunda limeiva, ikiwa bado ya kijani subiri. Na kuvuna ni alfajiri, mzigo ufike kiwandani kabla jua halijakolea.

Ukiingia kiwandani miezi ya kwanza utaosha. Matanki, mipira, pampu, sakafu, kreti, na nakwambia kabisa hii ndo kazi yenyewe, waini nyingi zinaharibika kwa mpira mmoja ambao haukuoshwa ndani. Anayeosha vizuri bila kusimamiwa ndo anaitwa kusaidia hamira.

Hamira nayo ina heshima yake. Kwa lita 500 za mchuzi, yani juisi ya zabibu, weka kama gramu 125, iloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 38 hivi, lita moja na robo yanatosha, iache kama dakika 15 mpaka 20 utaiona inaumuka juu na inanukia mkate, alafu anza kuongeza mchuzi kidogo kidogo ili izoee ubaridi, usiimwage moja kwa moja kwenye tanki la baridi itashtuka na uchachu utasua sua. Nyekundu nzuri inachachia nyuzi 22 mpaka 28, nyeupe kama ya zabibu aina ya Chenin Blanc inataka chini ya 18, na kwa joto la huku bila mfumo wa kupoza nyeupe itakutesa sana, kama mtaji ni mdogo anza na zabibu aina ya Makutupora nyekundu. Maganda yanapanda juu kama kofia, yashindilie chini mara mbili tatu kwa siku, usiku pia, la sivyo siki inaanzia hapo.

Kitu cha kufa na kupona: tanki linalochacha linatoa kabonidayoksaidi, haina rangi wala harufu, usiingie kutoa machicha ukiwa peke yako na kabla tanki halijapitishwa hewa na kupimwa. Bosi akikuharakisha kataa. Mwenzako akianguka ndani usimfuate, ita msaada, maana mara nyingi anayekwenda kuokoa anafia hapo hapo.

Kila siku andika kwenye daftari lako joto, haidromita (kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki) inasoma ngapi, harufu, ulichoongeza na kwa nini. Misimu minne ya daftari la hivyo ndo CV, mwenye kiwanda akilifungua anaona mtu anayejua kazi.

Sasa shule. Kama uko sekondari shikilia kemia na hesabu. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wana shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula, ni msingi mzuri, na TARI Makutupora hapa hapa ndo kituo cha utafiti wa zabibu, nenda uliza mafunzo na mbegu. Ukitaka shahada ya waini yenyewe, karibu ni Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Stellenbosch, au chuo cha kilimo cha Elsenburg kule kule.

Wanaotaka lebo yao wasikimbilie chupa. Anza kwa kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, ujifunze kutunza ubora bila gharama ya chupa na vizibo. Soko letu linapenda tamu, na waini yenye sukari iliyobaki ikifungwa bila kuchujwa vizuri itachacha upya ndani ya chupa, kizibo kinaruka na mteja hakurudii. Ukifika kwenye chupa pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) wakushauri, sajili biashara BRELA, chukua alama ya ubora ya TBS, stempu za TRA na leseni ya vileo. Zabibu za ndani zikizidi asilimia 75 ushuru wa bidhaa unakuwa nafuu kuliko waini ya zabibu za nje, kwa hiyo tunza risiti za wakulima wako wote.