Somo: Kupanga muda wa majaribio na matengenezo kwenye darubini kubwa ya redio

Darubini ya redio hufanya kazi usiku na mchana. Katika mawimbi marefu mawingu hayaizuii na jua haliifumbi macho, kwa hiyo kila saa ya juma ina mtu anayeidai. Mafundi wa darubini za kioo, zile zinazotazama mwanga wa nyota usiku, wana mchana mzima wa kushughulika na mashine bila kumnyima mtu chochote, sisi hatuna. Nimepanga ratiba za aina hii kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloona likirudiwa ni lile lile: watu huhesabu saa za kufungua mashine, wakasahau saa za kuthibitisha kwamba imerudi sawasawa. Sehemu kubwa ya somo hili ni kuhusu saa hizo za pili.

Hatua ya kwanza: orodha ya kazi na maswali matatu

Kusanya kazi zote kwanza, kubwa na ndogo, bila kupanga tarehe. Kisha muulize kila fundi: dishi likae mkao gani? Mota zizimwe? Na ukimaliza, itachukua muda gani hadi kifaa kirudie hali yake ya kawaida?

Swali la tatu ndilo linalofichua mengi. Chukua kipokezi cha mawimbi mafupi. Amplifaya zake, yaani vikuza ishara, hupozwa kwa heli hadi kelvini 15 au 20 hivi (karibu nyuzi 255 za Selsiasi chini ya sifuri), ndani ya chombo chenye ombwe. Fundi atakwambia kubadili amplifaya ni kazi ya saa mbili, na anasema kweli. Lakini kabla ya kukifungua ni lazima kipate joto, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya vyuma vya ndani. Baada ya kukifunga, hewa inyonywe upya, ndipo kipozwe tena. Saa mbili zimekuwa siku kadhaa. Andika siku hizo kwenye ratiba. Bahati nzuri, darubini kubwa nyingi zina vipokezi zaidi ya kimoja, kwa hiyo kimoja kikiwa nje, mradi unaotumia kingine unaendelea.

Hatua ya pili: kazi za mkao mmoja zikae pamoja

Anayekagua paneli za uso wa dishi anataka dishi litulie. Anayetia grisi magurudumu na kukagua reli anataka lizunguke polepole. Hawa wawili hawapangwi saa moja, hata kama wote wawili wana haraka. Kila anayepanda achukue ufunguo wake, na mota zisiweze kuwashwa mpaka funguo zote zirudi mahali pake. Hapo sikubali mjadala na mtu yeyote.

Hatua ya tatu: saa mbili tofauti

Mafundi wanaishi kwa saa za jua, mbingu inakwenda kwa saa za nyota. Nyota ile ile huchomoza mapema kwa karibu dakika 4 kila siku, yaani saa mbili kwa mwezi. Ukifunga darubini kila Jumanne kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, unafunga kipande cha anga kinachohama taratibu. Kitovu cha galaksi yetu, kwa mfano, hupita juu kabisa karibu na usiku wa manane mwezi Juni, na karibu na adhuhuri mwezi Desemba. Matengenezo ya mchana wa Desemba yatamgusa anayekitazama, ya Juni hayatamgusa. Chora jedwali la saa za nyota kando ya kalenda kabla hujamwahidi mtu siku.

Majira nayo yana neno. Mawimbi mafupi yanataka hewa baridi na kavu, kwa hiyo kazi ndefu za kupaka rangi na kurekebisha chuma huwekwa miezi ya joto. Darubini ya Green Bank, Marekani, ilibadilishiwa reli yake ya kuzungukia mwaka 2007, na kazi hiyo ilifanyika katika majira ya joto.

Hatua ya nne: muda wa kuthibitisha

Hapa ndipo pa kukaa. Darubini iliyofunguliwa haijarudi kazini kwa sababu tu mafundi wameteremka. Mpangilio wangu ni huu: kwanza mwendo wa mota na breki, halafu ulengaji, kwa kupita juu ya vyanzo vinavyojulikana vilivyotawanyika pande zote za anga, kisha fokasi, kisha nguvu ya mawimbi kwa chanzo kama 3C 286, kiini cha galaksi ya mbali sana, ambacho mwangaza wake umepimwa kwa miaka mingi. Mwisho fanya uchunguzi mmoja kamili, kuanzia amri ya opereta hadi faili kwenye diski.

Hilo la mwisho lina historia yake. Mahali nilipofanya kazi zamani tulirudisha kipokezi, tukapima ulengaji, ukawa mzuri ajabu, tukaikabidhi darubini. Kebo mbili za mielekeo ya wimbi (kila moja hubeba upande mmoja wa mtikisiko wa wimbi) zilikuwa zimebadilishana nafasi. Aligundua mtafiti mmoja baada ya juma zima, na bado linaniuma, kwa sababu dakika 40 za majaribio kamili zingelionyesha.

Ukali wa majaribio ufuate urefu wa wimbi. Dishi la mita 100 lina mwale, yaani kipande cha anga linachokiona kwa mara moja, wa takriban dakika 9 za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja, na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo) kwenye wimbi la sentimita 21, lakini kwenye milimita 3 mwale huo ni sekunde 7 au 8 za tao tu. Ulengaji unapaswa kuwa sahihi hadi kama sehemu ya kumi ya mwale. Kosa la sekunde 5 za tao halionekani kabisa kwenye sentimita 21, ila kwenye milimita 3 umekikosa chanzo. Ndiyo maana usiku wa kwanza baada ya matengenezo makubwa mimi huwapa watu wa mawimbi marefu.

Hatua ya tano: akiba

Upepo ukizidi, hakuna anayepanda. Weka siku ya akiba, na uwe na mradi ulio tayari kuanza siku hiyo iwapo haitahitajika.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusitengeneze usiku, mchana ukabaki wa uchunguzi?*

Kwanza ni usalama wa watu walio juu ya chuma kirefu. Pili, usiku una thamani zaidi kwa mawimbi mafupi. Jua hupasha upande mmoja wa dishi na chuma kinajipinda. Kwenye milimita 3, hitilafu ya wastani ya milimita 0.2 tu juu ya uso hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi.

*Natazama pulsa moja, nyota inayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio, kila juma kwa miaka. Matengenezo ya mwezi mzima yataniharibia?*

Yanaweza, ndugu yangu. Mwambie mpangaji pengo refu kuliko yote unaloweza kuvumilia kabla hujapoteza hesabu ya mizunguko. Hilo linamsaidia kuliko kumwomba saa fulani. Mara nyingi saa moja katikati ya kazi hupatikana, mafundi wakijua mapema.

*Tunaweza kujaribu programu mpya wakati mafundi wapo juu?*

Programu ya kurekodi, ndiyo. Ya kuendesha mota, hapana. Na usiamini sana data ya anga ya siku ambayo watu wamejaa kituoni. Mwaka 2015 ilithibitika kwamba ishara za ajabu zilizosumbua darubini ya Parkes, Australia, zilitoka kwenye oveni za maikrowevu zilizofunguliwa mlango kabla hazijazima.

*Kwa safu ya antena nyingi hesabu ni hiyo hiyo?*

Ni nafuu. VLA, safu ya madishi ya redio huko New Mexico, Marekani, ina antena 28, na 27 hufanya kazi huku moja ikiwa kwenye karakana. Lakini antena zikihamishwa, nafasi zake zipimwe upya kabla ya picha yoyote kuaminiwa.

*Maombi yakiwa mengi, ukaguzi wa chuma unaweza kuahirishwa?*

Ratiba ikibana, niko tayari kuahirisha rangi au programu, si ukaguzi wa chuma. Darubini ya zamani ya futi 300 iliyokuwa Green Bank, kabla ya hii ya sasa, ilianguka tarehe 15 Novemba 1988 kwa kuvunjika bamba moja la kiungo. Darubini kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, ilianguka tarehe 1 Desemba 2020. Kabla ya hapo kebo zake zilikuwa zimeonekana zikichomoka kidogo kidogo kwenye vishikio vyake. Kwa hiyo kila ukaguzi piga picha ya kiungo kile kile, kwa pembe ile ile, andika kipimo kwa milimita, na uweke karibu na kipimo cha mara iliyopita.