Namna ya Kupanda Miwaridi Nyumbani Dodoma

Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Kwa sababu hiyo, mwaridi wa hapa hupona au hufa kutokana na shimo lililoandaliwa kabla mche haujanunuliwa, na hapo ndipo ninapowasihi wenzangu waweke nguvu zao.

Hatua ya kwanza: chimbeni mwezi wa Oktoba. Chagueni mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi, hasa la asubuhi, na penye ukuta au uzio wa kuzuia upepo mkali wa kiangazi. Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na kila shimo liwe mita moja kutoka kwa jenzake. Chini ya udongo wetu mwekundu mara nyingi mnakuta tabaka gumu ambalo jembe hulikwaruza tu. Mwagieni ndoo mbili za maji jioni, kisha asubuhi lipasueni kwa sururu. Msiliache tabaka hilo, kwa maana maji yatatuama juu yake wakati wa masika na mizizi itaoza. Ili kuhakikisha, jazeni shimo maji: yakiwa bado yamesimama kesho yake, ongezeni kina.

Hatua ya pili: udongo wa juu, uliowekwa kando wakati wa kuchimba, changanyeni na samadi iliyooza vizuri, madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi. Samadi ya ng'ombe na mbuzi haina uhaba huku kwetu, lakini ile inayotoka zizini moja kwa moja huunguza mizizi na huita mchwa. Iloweshwe, ifunikwe, na igeuzwe kwa muda wa miezi miwili au mitatu, hadi iwe nyeusi na isiyo na harufu kali. Majivu, ambayo wengi huyamwaga kwa wingi kuzuia mchwa, yatumieni kidogo sana, kwa kuwa mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo na majivu huuondoa.

Hatua ya tatu: pandeni mvua ikishalowesha ardhi, jioni. Pasueni kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, kwa wembe na mtazame mizizi. Niliwahi kununua miche sita yenye majani ya kupendeza, nikaipanda bila kukagua. Minne ilikufa, na nilipoing'oa nilikuta mizizi imejizungusha kama kamba, kwa umbo lile lile la kiriba. Mizizi ya namna hiyo inyoosheni kwa vidole na muikate ile iliyojisokota. Kwa mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, kile kifundo cha maungio kibaki vidole viwili juu ya udongo, na chipukizi lolote linalotoka chini yake ling'olewe.

Baada ya hapo, mwagilieni ndoo moja ya lita 10 kwa kila mche mara mbili kwa wiki mvua inapokatika. Maji mengi kwa siku chache ni bora kuliko kikombe cha kila siku, kwani maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, na maji machache huiacha juu kama unga mweupe huku kingo za majani zikiungua. Anayeweza kukinga maji ya bati kwenye tangi ayatunzie mawaridi yake. Tandazeni nyasi kavu, lakini ziwe mbali na shina kwa upana wa kiganja ili mchwa wasipate daraja.

Kiangazi utitiri mwekundu hujificha chini ya majani na kuyafanya yawe na vidoa vya manjano. Yarushieni maji upande wa chini alfajiri, mara mbili kwa wiki, ili yakauke kabla ya jioni.

Matumba ya kwanza yaondoeni, ingawa inauma, ili mche ujenge mizizi. Maua yatakayofuata yakateni asubuhi na mapema, juu kidogo ya jani lenye vijani vitano linaloelekea nje, kwa maana tawi jipya litachipua hapo.